Mkao wa tiba

Mkao wa tiba ni namna ya kumlaza, kumkalisha, kumsimamisha na kumbeba mtoto mwenye matatizo ya viungo na mwendo ili mwili wake utegemezwe vizuri, usipinde, na mikono, macho na kinywa chake viweze kufanya kazi. Hautibu ugonjwa uliosababisha ulemavu. Kazi yake ni kuzuia ulemavu wa pili, yaani ule unaoongezeka taratibu kwa sababu mtoto amelala au amekaa vibaya kwa saa nyingi kila siku, na kumwezesha kushiriki maisha ya nyumbani kwa uwezo alio nao.

Wanaofundisha mikao hiyo ni wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo, lakini wanaoitekeleza ni mama, baba, bibi, shangazi na ndugu wa mtoto. Jambo hilo huonekana wazi milimani Usambara, katika mkoa wa Tanga nchini Tanzania, ambako nyumba nyingi ziko mteremkoni, hospitali iko mbali na kiti cha magurudumu hakiwezi kupita kwenye njia ya miguu. Mifano mingi hapa chini inahusu wilaya ya Lushoto.

Watoto wanaohusika

Wengi wao wana mtindio wa ubongo, hali inayotokana na jeraha la ubongo lililopatikana kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya kwanza ya maisha. Sababu zinazojulikana sana Afrika Mashariki ni mtoto kukosa hewa wakati wa uzazi, kuzaliwa njiti, manjano kali ya watoto wachanga isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila mwili unaokua pamoja nalo hubadilika mwaka hadi mwaka. Wengine wanaohitaji mikao ya tiba ni watoto waliozaliwa na mgongo wazi na wale wenye magonjwa ya misuli.

Utafiti uliofanyika katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba watoto 2.9 kati ya kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Walipofuatiliwa kwa miaka kadhaa ilionekana kwamba walikuwa wakifariki kwa kiwango cha takriban mara 25 ya watoto wengine wa eneo hilohilo. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye ulemavu mkali na wenye utapiamlo. Kwa hiyo suala la jinsi mtoto anavyokaa na kulishwa linagusa uhai wake moja kwa moja, si umbo la miguu peke yake.

Hali ya misuli hutofautiana. Kuna watoto waliokakamaa, ambao miguu hunyooka na kupishana kama mkasi, na mikono hukunjwa ngumi. Kuna waliolegea, ambao shingo haijakaza hata baada ya mwaka. Wengine hujinyonganyonga bila kutaka, na mwili wao haupati utulivu isipokuwa wakiwa usingizini. Tangu 1997 wataalamu hutumia mfumo wa ngazi 5 uliobuniwa nchini Kanada na Robert Palisano na wenzake: mtoto wa ngazi ya kwanza hutembea mwenyewe bila msaada, na wa ngazi ya tano hawezi kushikilia kichwa wala kiwiliwili. Mikao ya tiba inawahusu hasa watoto wa ngazi ya tatu, nne na tano.

Kwa nini mkao ni muhimu

Mtoto asiye na ulemavu hubadili mkao wake mara nyingi sana kwa siku bila kufikiri. Akichoka upande mmoja hugeuka. Mguu ukifa ganzi huunyoosha. Mtoto mwenye mtindio mkali hubaki pale alipowekwa. Katika familia nyingi za wakulima wa Usambara mama huondoka alfajiri kwenda shambani, pengine kwenye kilima cha pili, akarudi jua likiwa kichwani. Kama mtoto aliachwa chali kitandani, muda wote huo atakuwa ameangalia paa, kichwa kimeelekea upande uleule, magoti yameangukia upande uleule.

Misuli inayobaki imefupika kwa saa nyingi haikui kwa urefu sawasawa na mfupa. Baada ya miezi au miaka goti halinyooki tena, kisigino hakigusi chini, na kiwiko hubaki kimekunjwa. Hapo hata kumvalisha suruali au kumsafisha huwa kazi ngumu na yenye maumivu.

Nyonga zina hatari ya pekee. Mtoto anapozaliwa, kikombe cha nyonga bado hakina kina cha kutosha. Kinachokifanya kijiunde vizuri ni kichwa cha mfupa wa paja kukisukuma wakati mtoto anaposimama na kutembea. Asiposimama, na misuli ya ndani ya mapaja ikawa inavuta miguu ikutane, kichwa cha mfupa hutoka polepole hadi nyonga ikateguka. Uchunguzi wa watoto wa jimbo la Victoria, Australia, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta nyonga zilizosogea kwa asilimia 35 ya watoto wote wenye mtindio wa ubongo. Kwa watoto wa ngazi ya kwanza hakukuwa na hata mmoja, lakini kwa wa ngazi ya tano walikuwa asilimia 90. Mzazi hawezi kuona hali hii kwa macho mwanzoni. Inahitaji picha ya eksirei.

Uti wa mgongo ukipinda, kifua hubanwa na mapafu hayapanuki. Ngozi iliyo juu ya mfupa ikigandamizwa muda mrefu huota vidonda, hasa kwa watoto wa mgongo wazi ambao hawasikii maumivu.

Historia fupi

Daktari Mwingereza William Little ndiye aliyeeleza kwa kina ugonjwa huu katika karne ya 19, akauhusisha na matatizo ya uzazi. Katika miaka ya 1940 Berta Bobath na mumewe Karel, waliokimbilia London kutoka Ujerumani ya Wanazi, walianza kufundisha kwamba namna ya kumshika na kumweka mtoto hubadili ukakamavu wa misuli yake. Sehemu kubwa ya nadharia yao imepingwa na tafiti za baadaye, lakini wazo kwamba tiba iingie ndani ya shughuli za kila siku limebaki. Kwa vijiji vya nchi maskini, kitabu kilichosambaa zaidi ni kile cha David Werner kuhusu watoto walemavu wa vijijini (1987), chenye michoro ya viti na fremu zinazoweza kutengenezwa kwa miti, magunia na matairi.

Kulala

Kulala chali ndio mkao rahisi kwa mlezi na mara nyingi ndio mbaya zaidi kwa mtoto aliyekakamaa. Kichwa husukuma nyuma, mgongo huinuka kama upinde na mikono huvutwa nyuma asiweze kuiona. Akilazimika kulala chali, mto mdogo uwekwe chini ya kichwa na mabega, na kanga iliyokunjwa chini ya magoti.

Kulala ubavu humsaidia zaidi. Mgongo huegemezwa kwa mto au gunia lililojazwa nguo kuukuu, mguu wa juu hukunjwa mbele, na kanga nene huwekwa kati ya magoti ili mapaja yasikutane. Katika mkao huo mikono yote miwili huja mbele ya uso, na mtoto anaweza kushika kijiko, gunzi la mahindi au chochote cha kuchezea. Upande ubadilishwe. Ni kosa la kawaida kumlaza daima upande anaoupenda.

Kulala kifudifudi juu ya kabari, yaani mto au ubao wenye mteremko uliovikwa blanketi, huimarisha shingo na mabega. Hufanywa mtoto akiwa macho na mtu akiwa karibu, kwa dakika chache mwanzoni. Usiku asilazwe hivyo, hasa kama hawezi kugeuza kichwa. Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha takriban mita 1,400, na vijiji kadhaa viko juu zaidi. Mwezi Juni na Julai sakafu ya udongo huwa baridi sana. Mtoto asiyejisogeza hapati joto kwa kucheza, hivyo mkeka peke yake hautoshi.

Kukaa

Huu ndio mkao unaobadilisha maisha ya mtoto kuliko mingine yote, kwa kuwa anayekaa huona watu, na watu huanza kusema naye.

Mahali pa kuanzia ni makalio. Yakiwa yamesukumwa hadi mwisho wa kiti na uzito umegawanyika sawa pande zote mbili, mgongo na kichwa huwa na msingi. Kipimo kinachofundishwa ni pembe ya digrii 90 kwenye nyonga, kwenye magoti na kwenye vifundo vya miguu. Kina cha kiti hupimwa toka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hupunguzwa upana wa vidole viwili. Kiti chenye kina kirefu mno humfanya mtoto ateleze mbele, na mlezi hudhani tatizo ni ukanda. Ukanda wenyewe hupita juu ya mapaja pale yanapokutana na kiwiliwili, ukivuta chini na nyuma. Ukipita tumboni humbana bila kumzuia kuteleza. Miguu lazima ikanyage kitu. Miguu inayoning'inia huongeza ukakamavu wa mwili mzima, na hilo ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi katika viti vya kutengenezwa nyumbani.

Kwa mtoto ambaye mapaja hukutana, kipande cha mti kilichovikwa sponji huwekwa kati ya magoti. Kikae karibu na magoti, si karibu na kinena, kwani hakikusudiwi kuzuia mtoto asiteleze. Meza ndogo yenye kimo cha viwiko humpa pa kuegemeza mikono na kumsaidia kushikilia kichwa.

Nyumba nyingi zina kigoda, lakini kigoda hakina mgongo. Familia isiyo na kiti maalumu inaweza kutumia kona ya chumba: kuta mbili zinazokutana hushikilia mabega yasivutwe nyuma, na gunia la mchanga kila upande wa nyonga huzuia asianguke. Kutoka hapo hadi kiti cha kona cha mbao ni hatua ndogo, fundi seremala anaweza kukiiga. Beseni lililojazwa nguo hufaa kwa muda mfupi kwa mtoto mdogo, lakini kubwa mno humkunja mgongo kama ndoana. Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki kuna desturi ya kumfukia mtoto katika shimo hadi kiunoni kwa kuamini kwamba miguu itapata nguvu. Udongo hautii nguvu misuli, na mtoto aliyeachwa humo kwenye baridi na unyevu huweza kuugua.

Mkao wa kukaa kama herufi W, magoti mbele na nyayo nje pande zote mbili, hupendwa na watoto waliokakamaa kwa sababu huwapa utulivu. Wataalamu wengi hushauri aelekezwe kukaa miguu mbele au kwenye kigoda, japokuwa kwa mtoto asiyeweza kukaa vinginevyo na kucheza kwa mikono kuukataza kabisa humnyima zaidi ya unachompa.

Kiti kisiwekwe karibu na mafiga. Mtoto anayerusha mikono bila kutaka anaweza kupindua sufuria, na aliyefungwa ukanda hawezi kukimbia moto.

Kula na kunywa

Mtoto asilishwe akiwa amelala wala kichwa kikiwa kimeangalia juu. Kichwa kikiinama nyuma njia ya hewa hufunguka, na uji huingia mapafuni: mtoto hupaliwa, hukohoa, na kukohoa huko kukijirudia huishia nimonia. Desturi ya kumlaza mtoto mapajani na kummiminia uji kwa kiganja, ambayo bado ipo katika maeneo mengi, ni ya hatari hasa kwa watoto hawa. Wengine hupaliwa kimyakimya bila kukohoa. Dalili huwa ni macho kutoa machozi, pumzi kukoroma na homa zisizoisha.

Mkao salama ni kukaa wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo kuelekea kifuani, na mlezi akiwa mbele ya mtoto, macho yao yakiwa kimo kimoja. Kijiko kitoke chini na mbele. Kikitoka juu mtoto huinua uso kukifuata. Chakula kizito kidogo, kama viazi au ndizi zilizopondwa na uji usio mwepesi, ni rahisi kumeza kuliko maji na supu. Baada ya kula abaki wima kwa nusu saa. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima, na mama anayesubiriwa na kazi nyingine hushawishika kuharakisha. Ndipo ndugu waliofundishwa vizuri wanapohitajika.

Kusimama

Mtoto asiyeweza kusimama hufungwa kwenye fremu ya mbao yenye mikanda nyuma ya makalio na magoti na meza mbele yake. Kwa kawaida huanza na dakika chache, akafikia dakika 30 hadi 60 kwa siku. Mguu hubeba uzito, mifupa huimarika, na visigino hupata kunyooshwa. Miguu iwe imepanuliwa kidogo. Mtoto ambaye magoti hayanyooki tena au ambaye nyonga imeshateguka asisimamishwe kabla ya kuonwa na mtaalamu.

Kubeba

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya hugusia jambo hili kwa kifupi, kwani huko mtoto husukumwa kwenye kigari. Usambara kubeba ni sehemu ya siku nzima. Barabara ya lami hupanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, kiasi cha kilomita 33, lakini kutoka barabarani hadi nyumbani mara nyingi kuna njia ya miguu yenye ngazi za udongo, inayoteleza wakati wa masika. Kiti cha magurudumu kikiletwa hubaki ndani ya nyumba au uani.

Mbeleko, kwa bahati nzuri, ni kifaa kizuri cha tiba. Mtoto aliyebebwa mgongoni huwa na mapaja yaliyopanuliwa kuzunguka kiuno cha mama, nyonga zimekunjwa, mikono iko mbele: karibu kinyume kabisa cha mkao ambao ukakamavu humvutia. Kwa mtoto asiyekaza shingo kitambaa hupandishwa hadi nyuma ya kichwa. Kinachopaswa kuepukwa ni kumfunga mtoto mchanga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja, kwani hilo husukuma nyonga nje.

Mtoto aliyejinyoosha kama ubao asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono. Hugeuzwa kwanza ubavu, nyonga na magoti yakakunjwa, kisha huinuliwa akiwa amekunjika. Mwili hulainika na mzigo huwa mwepesi. Akifikisha umri wa miaka 7 au 8 uzito humshinda mama. Maumivu ya mgongo ya walezi ni sababu mojawapo ya watoto wakubwa kuachwa ndani. Watu wawili, kila mmoja akishika mkono chini ya paja na nyuma ya mgongo, ni msaada wa muda tu. Kwenye bodaboda mtoto hukalishwa katikati ya dereva na mlezi, amefungwa kwa mbeleko kwenye mwili wa mlezi, kamwe si mbele ya dereva.

Vifaa

Lushoto haina uhaba wa mbao wala mafundi. Shamba la Miti la Shume, katika wilaya hiyohiyo, lina paina na saipresi, mbao laini zinazofaa kwa viti na fremu. Kinachokosekana kwa kawaida ni vipimo. Kiti kilichotengenezwa kwa kukisia hutumika wiki moja kisha huwa pa kuwekea ndoo.

Njia nyingine ni teknolojia ya karatasi iliyoanzishwa Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer katika miaka ya 1970: maboksi na karatasi kuukuu hubandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya uji wa unga, hukaushwa na kupakwa vanishi. Kiti chake ni chepesi, imara na hubadilishwa kwa gharama ndogo mtoto anapokua. Kwenye ukungu na mvua za Usambara kukausha huchukua siku nyingi zaidi kuliko tambarare, na kiti kisichopakwa vanishi vizuri hunyonya mkojo na kuoza.

Ushahidi wa utafiti

Si kila kinachofundishwa kimethibitishwa. Mwaka 2013 mtafiti Mwaustralia Iona Novak na wenzake walipitia tafiti nyingi na kuona kwamba kunyoosha viungo kwa mikono, kunakofanywa kwa muda mfupi kila siku, hakuleti faida inayoonekana. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2015 kuhusu vifaa vya kumweka mtoto sawa akiwa usingizini hayakupata jaribio lolote la kuaminika lililoonyesha kwamba vinazuia nyonga kuteguka. Pia vifaa hivyo vinaweza kumkosesha mtoto usingizi. Kilicho na msingi imara zaidi ni mkao salama wa kula, kukaa kunakoachia mikono kazi, na kubadilishwa mkao mara kwa mara mchana kutwa. Mkao wowote ule, hata uwe sahihi, ukizidi saa mbili bila kubadilishwa huanza kuwa na madhara.

Huduma Lushoto na kwingineko

Mahali pa kwanza pa kugundua tatizo ni kliniki ya mama na mtoto. Mtoto wa miezi 4 ambaye shingo haijakaza, anayebana ngumi muda wote au kujipinda nyuma, na wa miezi 9 asiyekaa, anatakiwa kupelekwa kwa mtaalamu bila kungoja kwamba "amechelewa tu". Hospitali ya Wilaya ya Lushoto na ile ya Bumbuli ndizo zilizo karibu. Rufaa huenda Hospitali ya Bombo jijini Tanga au KCMC mjini Moshi, safari ya kushuka Mombo na kupitia Same na Mwanga. KCMC ndipo ilipo TATCOT, chuo kilichofunguliwa mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna CCBRT, iliyoanza mwaka 1994.

Karibu na mji wa Lushoto, huko Irente, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, lina shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, Irente Rainbow School, pamoja na shule ya wasioona. Dayosisi hiyohiyo ilianzisha mwaka 2007 huko Magamba chuo kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa (SEKOMU), ambapo elimu maalumu ilikuwa miongoni mwa masomo yake.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mzazi anaweza kuanza kuulizia kiti, rufaa au nafasi ya shule kwa mtendaji wa kijiji chake.